Maji Mpaka Kapsoya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Kaimu Mkurugenzi wa Mipaka, ambaye pia ni mimi hadi mwingine apatikane. Machifu, maaskofu, akina mama, vijana wa boda boda na stakeholders wote mliosimama juani kwa hiari yenu, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Mtu anakohoa.)

Mwaka jana nilisimama hapa hapa Kapsoya nikaahidi “maji mpaka Kapsoya”. Leo nimetimiza. Baada ya public participation ya kina, tuliyoifanyia hotelini Naivasha kwa vile hapa hakukuwa na maji ya kunawa, Bodi imeusogeza mpaka wa eneo la huduma ya maji la Eldoret kutoka huko ulikokuwa hadi kwenye lile jiwe jeupe, kando ya kibanda cha Mama Rael. Basi niliahidi nini? Maji, mpaka, Kapsoya. Mpaka umeshafika! (Makofi ya watu wawili, wote madereva wa Mwenyekiti.)

“Na maji iko wapi?” (Ni Mama Rael mwenyewe, mpika chai, na mtungi mtupu mkononi.)

Tulia, Mama, nakuja huko. Kabla ya reform hii, asilimia arobaini ya watu wa eneo la Eldoret hawakuwa na maji. Leo kila mtu wa eneo hilo ana maji, kwa sababu nyinyi tumewatoa! (Minong'ono.) Nyinyi sasa ni Eneo Jipya la Kapsoya Juu, ambako Bodi haijapokea hata lalamiko moja, kwani ofisi ya kuyapokea haijajengwa. Hiyo ndiyo service delivery!

“Sasa chai nitapika na mpaka?” (Kicheko. Mama Rael anautega mtungi chini ya mfereji mpya wenye koki, kando ya jukwaa. Chifu anainamisha kofia.)

Mama Rael, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na tafadhali toa mtungi wako chini ya huo mfereji niliokata utepe wake. Haujaunganishwa na bomba lolote. Tumeuchomeka tu kwenye udongo. Namshukuru sana Mzee Mungai wa hardware kwa kutuazima, naye anautaka kabla hajafunga duka. Asanteni, na Mungu awape mvua.

Tumalize kwa furaha. Nikisema maji, mnasema mpaka! Maji! (Mpaka!) Sisikii! Maji!

(Umati mzima, pamoja na wale madereva: “Mpaka lini?”)