Kaburi la Babu Yani

Jumatano, 9 Aprili 2003
Thornton Heath. Mvua. Nimempigia mama Meru. Anasema jicho la kushoto limeshafunga kabisa, la kulia linaona ukungu tu. Kauliza nakuja lini, aione sura yangu kabla halijafunga na hilo. Nimesema Krismasi. Kasema sawa, beberu wangu, yule mbuzi wa kuchinjwa nikirudi, bado yupo. Mwaka wa tisa huu nasema Krismasi! Makaratasi yangu ya ukaazi yamelala ofisi ya uhamiaji, Croydon, na mwanasheria anasema nikivuka mpaka tu, nisahau kurudi. Nimekaa ngazini nikalia kidogo.

Hapo hapo wazo likanijia. Bibi mzaa mama alikuwa mweupe! Nywele laini! Na hakuchoka kumtaja Bwana Yani, Kaburu wa Oldonyo Sambu. Makaburu asili yao Uholanzi. Kumbe mimi ni Mholanzi! Nikipata pasi ya Uholanzi naingia na kutoka nitakavyo. Miaka tisa nilikuwa nawaza nini?

Alhamisi, 10 Aprili
Nimefanya kosa la kumwambia Justin wa ghorofa ya chini. Mchaga huyu ana pasi ya hapa, kila Desemba yuko Moshi, na akirudi lazima uangalie picha mia mbili za migomba yake. Amecheka hadi akakohoa. Nikamwonyesha pua yangu kwa upande. Akaacha kucheka. Ushindi!

Maktaba wamenielekeza nyumba ya kale ya Waholanzi, huko Essex. Zamani sana walikuja kujenga kuta za kuzuia bahari. Jumamosi naenda. Justin naye anakuja, ati kunibebea kamera.

Jumamosi, 12 Aprili
Nyumba tumeiona. Ndogo, pembe nane, paa la nyasi. Justin akasema hiyo si Uholanzi, hiyo ni kwao Kibosho. Kweli ilifanana na jiko la mama.

Wengine wanatafuta wazee wao vitabuni. Upuuzi. Kwetu wazee huzikwa nyuma ya nyumba, migombani. Nikazunguka nyuma. Kulikuwa na uzio, nikauruka, kipande cha suruali kikabaki. Na pale, chini ya kichaka, jiwe! Limeandikwa JAN, ambalo kwa Kiholanzi husomwa Yan. Yani mwenyewe!

Nikapiga magoti. Nikang'oa magugu yote kwa mikono, kama tulivyofanya kwenye kaburi la baba kila Desemba. Mbege, pombe ya ndizi ya kutambikia, huku haipatikani, nikamwaga kopo la bia. Nikajitambulisha: Elieshi, wa Poli, Meru. Nikamweleza yote, macho ya mama, Croydon, beberu. Nilikuja kuomba pasi, nikajikuta naomba mama asubiri kidogo. Nililia hasa. Justin aliishusha kamera.

Kisha akatokea bibi mmoja wa Kiingereza ameshika reki. Alisema kwa upole kwamba Jan alikuwa mbwa wake, alikufa mwaka juzi. Na niliyoyang'oa si magugu, ni maua aliyompandia. Akaniuliza basi namlilia nani. Nikasema mama. Akatuletea chai. Uzio ule, kumbe, ulikuwa wake.

Justin hakusema neno treni nzima. Mtu huyo akinyamaza ni hatari.

Jumapili, 13 Aprili
Siku ya Mitende. Waumini watatu kanisani wameniuliza hali ya mbwa. Justin!

Nimempigia mama kuhusu Bwana Yani. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Yani alikuwa jirani tu, alimuuzia babu mtamba mmoja. Weupe wa bibi ulikuwa wake mwenyewe. Nikamwambia hata hivyo nimesafisha kaburi. Akasema la baba limeota magugu, yeye hathubutu tena kushika jembe, asije akajikata. Akasema amefurahi sijasahau kazi ile.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefikiri vizuri kwenye basi. Kaburu gani anamuuzia mtu baki mtamba wake? Anamuuzia ndugu! Na lazima kulikuwa na hati, na hati lazima ilitunzwa na kanisa lao. Mjini kuna kanisa la Waholanzi. Jumamosi naenda. Justin amesema atakuja, na safari hii haleti kamera. Nimenunua kopo la bia, na miche ya maua ya kumpelekea yule bibi wa Essex.

Nimempigia mama kumpa habari. Nimemwambia Krismasi, kwa uhakika kabisa. Amesema sawa, beberu bado yupo. Ila siku hizi naye haoni vizuri.