Nani Aliyaona Maji?

Jumatatu, 6 Oktoba
Madame Speciosa, anayesimamia memwari yangu ya kumaliza chuo, amenirudishia kurasa zote. Mada: ziwa lilivyopanda na kumeza nyumba za Rumonge. Nilinakili vizuri sana kwenye memwari za wengine. Anasema hivyo ni vyanzo vya pili, watu wanaosimulia walichosimuliwa. Anataka chanzo cha kwanza: mtu aliyeyaona maji kwa macho yake. Bila huyo sitatetea kazi yangu mwaka huu. Schékinah, mwanafunzi mwenzangu, ameshahoji watu mpaka Gitaza. Kiherehere tu. Mimi natafuta mmoja, lakini mnene.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimempata nyumbani. Shangazi Jovita amesimulia asubuhi nzima huku akianika ndagala, visamaki vya ziwani. Mitumbwi barabarani, mchungaji amebebwa mgongoni. Nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi. Mwishoni nikamuuliza alikuwa amesimama wapi.
"Nilikuwa ningali Tanzania, mwanangu. Nilisikia kwa redio."
Nikawaza kuficha. Haiwezekani. Shangazi ameokoka, akiulizwa atasema kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mzee Mulamba, mvuvi kutoka Uvira. Huyu alikuwepo. Ameongea kama kitabu: "Kupanda kwa maji kuliathiri pakubwa maisha ya wakazi." Nikashangaa. Akaeleza kwa fahari kwamba Schékinah alimhoji, kisha akarudi kumsomea alichoandika, naye akakishika kwa kichwa.
"Yake iko muzuri kuliko yangu," akasema.
Kwa hiyo chanzo changu cha kwanza kinamnukuu mpinzani wangu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekiri kwa Madame kwamba sina mtu. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi maji yalipoingia. Nikamwambia: juu ya paa la jiko, pamoja na kuku, nikitazama kitanda changu kikielekea Kongo. Mama alikuwa akituita kwa majina, mmoja mmoja, kuhakikisha tupo. Madame akanisogezea kalamu.
"Revokatus, andika hiyo."
Nikamweleza kwa heshima kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, siyo utafiti. Akafumba macho.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimewaza sana. Neno langu tupu nani ataliamini? Linahitaji maandishi ya mtu makini. Nimemeza aibu, nimekwenda kwa Schékinah, nimemsimulia yote. Ameyaandika vizuri mno. Kesho nayanakili. Nimemsihi tu aandike Revokatus kwa K, siyo kwa C, nisije nikajinukuu vibaya.