Vidonge Nilivyovificha kwenye Chupa ya Vitamini

Jumatatu, 3 Machi
Moyo wangu, madaktari wamesema, hautafika mwisho wa mwaka. Basi naandika kweli tupu. Soriasisi, maradhi ya ngozi niliyoishi nayo kwa amani miaka ishirini, baka moja tu kiwikoni, imetapakaa mgongo mzima. Nawashwa kama niliyelalia upupu. Magamba kitandani, utadhani nimepara samaki. Mhalifu namjua: mkamwana wangu na sabuni yake ya kufulia. Nimemwambia. Eti Baba, sabuni ni ileile tangu enzi za marehemu Mama. Kiburi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeificha sabuni nyuma ya kamusi. Amefua kwa maji matupu. Bado nawashwa. Ana hila huyu.

Niungame jingine. Miezi mitatu sasa nameza lithiamu, ya daktari wa akili, ili hasira na huzuni zisinipande kwa zamu. Mwalimu mkuu mstaafu haonekani na vidonge vya wazimu. Nimevihamishia kwenye chupa ya vitamini. Daktari wa ngozi aliponiuliza natumia dawa gani, nilijibu vitamini na sala.

Ijumaa, 7 Machi
Muwasho unanipandisha hasira. Dawa ya hasira ninayo. Nameza viwili badala ya kimoja. Hesabu nyepesi.

Jumapili, 9 Machi
Mikono inatetemeka, mwandiko wa darasa la kwanza. Ngozi inachanika hadi damu. Nimemwita mkamwana mchawi wa beseni, mbele ya kaka yake. Amefunga begi. Kaka mtu kasema Jumanne anakuja na gari kumchukua, na mzee mwenye ulimi kama wangu ajipake mafuta mwenyewe. Mwanangu yuko kazini ughaibuni, hupiga simu. Mgongo haupakwi kwa simu.

Jumatatu, 10 Machi
Mkamwana kanipeleka kliniki. Daktari wa ngozi, binti niliyemzidi miaka hamsini, kaitaka chupa yangu mfukoni, kaimimina mezani. Kauliza hizi vitamini za wapi. Kisha kanifokea kwa adabu: lithiamu huweza kuichochea soriasisi, tena kwa kujiongezea nusura nijitie sumu. Nimetolewa damu ya kupima. Kampigia mwenzake wa akili wanibadilishie dawa. Mimi nisiache wala nisiongeze kitu kwa kichwa changu. Sabuni haikutajwa hata mara moja. Inaudhi.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwomba mkamwana radhi. Sabuni, chupa, uongo, vyote. Ilitoka kama jino la mwisho. Kafuta machozi, kasema yameisha Baba, kaanza kufungua begi. Kisha, kwa wema wake, kaongeza kwamba vidonge alivitambua zamani akifagia, na ndiye aliyemnong'oneza daktari.

Kumbe nimepekuliwa. Chumbani mwangu! Nimemtaka aniombe radhi kwa maandishi, nakala mbili. Begi limefungwa tena. Gari la kaka yake linapiga honi nje. Mgongo unawaka moto. Sitoki kitini mpaka barua ije, na moyo ukiniwahi, waisome kaburini.