Ngazi Tisa za Mlezi wa Wazee

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa Mbunge ambaye mwenyewe ameshindwa kufika, naibu wa mwakilishi huyo ambaye amefika ila yuko nje kwenye simu, wachungaji wa Kiadventista na mapadre wa Kikatoliki mliokubali kukaa chini ya hema moja, machifu, manaibu wa machifu na wale wanaotarajia kuwa machifu, mwenyekiti wa akina mama wauza omena, dagaa wetu wa ziwani, kutoka Muhuru Bay uliyesafiri tangu alfajiri, wafanyabiashara wa Migori mjini mliofunga maduka kwa sababu mliambiwa kuna chakula, na zaidi ya wote ninyi walezi wa wazee wa kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay, mnaolisha, mnaoogesha, mnaogeuza na mnaosikiliza hadithi ile ile mara arobaini kwa juma moja, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na ile ambayo haijazingatiwa ikizingatiwa kuanzia sasa, hamjambo? (Watu: Hatujambo.) Hamjambo tena? (Watu, kwa sauti ya chini kidogo: Hatujambo.)

Kwa wale wachache wasionijua, mimi ni Zadock Aduol, mzaliwa wa hapa hapa Rusinga, Mratibu Mkuu Mwanzilishi wa Mpango Jumuishi wa Kuinua Mishahara na Kupandisha Vyeo vya Walezi wa Wazee, Kanda ya Ziwa, jina ambalo lenyewe limetugharimu warsha tatu na semina moja ya kuondoa neno "endelevu" na nyingine ya kulirudisha, na ambalo hatimaye, kama mnavyoona, tumelisahau kwenye bango. (Kicheko. Mtu wa bango anaondoka taratibu.)

Ndugu zangu, kwa miaka na mikaka mlezi wa wazee ameingia kazini akiwa mlezi, ameamka akiwa mlezi, na ameacha kazi akiwa mlezi mwenye mgongo mbovu, ilhali hata mlinzi wa geti anapanda cheo akawa msimamizi wa geti, na kwa kuliona pengo hilo la kimuundo, kimfumo na kimkakati, serikali yenu sikivu, kupitia mimi, imebuni muundo wa utumishi, yaani scheme of service, wenye ngazi tisa, ambapo mtu ataanza kama Mlezi Msaidizi wa Majaribio, apande hadi Mlezi Msaidizi Asiye wa Majaribio, na kwa mwendo huo huo wa kasi, baada ya tathmini, mapitio ya tathmini na chai ya tathmini, afike ngazi ya tisa, Mlezi Mkuu Mwandamizi Mtendaji wa Kanda, ambaye atakuwa na kiti chake mwenyewe. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: Kiti cha kukalia?) Cha kukalia, naam. Hatukufanya mchezo. (Makofi zaidi.)

Utafiti wetu, uliofanywa kisayansi kati ya Mbita na Isebania, unaonyesha kwamba katika kila walezi kumi, kumi na mmoja wanaipenda kazi yao, na kwamba asilimia mia moja na arobaini wangependa kuongezwa mshahara, takwimu ambazo wataalamu wenyewe wamekiri hawajawahi kuona mfano wake. (Mapadre wanatazamana.) Na ndiyo maana ninasema leo, bila kumung'unya maneno, kwamba kila ngazi itakuwa na malipo yake, marupurupu yake, na kitambulisho chenye picha ambacho mlezi atakivaa shingoni ili mzee asimsahau, kwa sababu...

(Sauti ya mama mzee, mstari wa mbele: Zadock, ngazi ya tano inalipa ngapi?)

Asante kwa swali hilo zuri. Kwa faida ya wageni wetu, aliyeuliza ni mama yangu mzazi, Mama Phelesia, mwenye umri wa miaka themanini na tatu, ambaye hakuwemo kwenye ratiba, lakini amefika kwa kiti chake cha magurudumu, na nani mwingine hapa Rusinga angeweza kumzuia. (Vigelegele.) Mama, ngazi ya tano inalipa kwa mujibu wa mwongozo wa ngazi ya tano, ambao unasomwa sambamba na jedwali, na jedwali lenyewe linasubiri kikao cha kuoanisha.

(Mama Phelesia: Wacha kuzunguka. Nimeuliza pesa ni ngapi.)

Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. (Kicheko kirefu.) Niruhusuni niwatolee mfano hai, maana mpango bila uso wa binadamu ni karatasi tu. Mnamwona huyu dada aliyesukuma kiti cha Mama? Simama, Celestine. Anaitwa Celestine Bochaberi, mtu wa Migori mjini, na ndiye mlezi wa Mama kwa miaka tisa sasa. (Makofi.) Alikuja kwetu wiki ile Mama alipoteleza jikoni akavunjika nyonga, na daktari akatuambia sisi watoto kwamba tumwandalie kitanda na tumzoeshe nacho, kwa kuwa hatasimama tena. Sisi tukamwandalia kitanda. Celestine akakikokota hadi karibu na dirisha linaloangalia zizi la mbuzi, akamwambia Mama, ambaye humwita Dani, yaani bibi, "Dani, yule mweupe anakula mboga zako, utamwacha?" Siku ya kwanza Mama alipiga kelele tu. Siku ya kumi alikaa. Baada ya miezi minne alikuwa mlangoni na fimbo, na mbuzi yule hadi leo hapiti upande ule. (Kicheko na vigelegele. Mama Phelesia anainua fimbo.)

Sikilizeni na hili, kwa kuwa ni la maana kiutendaji. Mwaka jana, mwezi wa tatu, asubuhi, Celestine akimnywesha Mama uji, aliona uji unatoka pembe moja ya mdomo na tabasamu la Mama limelala upande. Hakungoja mtu amwambie kwamba hicho ni kiharusi. Alisimamisha boda boda, akapanda nyuma ya dereva, Mama katikati yao, amemfunga kwa leso mbili, wakavuka daraja hadi hospitali Mbita, na daktari alisema kama wangechelewa nusu saa tu leo Mama asingekuwa anauliza maswali ya ngazi ya tano. Aliponipigia simu, alinipigia mara kumi na moja. Mimi nilikuwa kwenye hoteli moja ya kifahari, kwenye kongamano la Uzee Wenye Staha, na nilikuwa nimezima simu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikihutubu. Nilihutubu vizuri.

Tuendelee. Kwa hiyo mfano hai kama huu, ndugu zangu, ndio utakaokuwa wa kwanza kunufaika, na mimi kwa mamlaka niliyopewa, hapa hapa, mbele ya Mungu na wapiga picha, ninampandisha Celestine Bochaberi kutoka alipo hadi ngazi ya nne. (Makofi.) Ya tano. (Makofi makubwa.) Mmenichokoza, ya saba. (Watu wanasimama. Akina mama wa Muhuru Bay wanaimba. Mwakilishi wa Mheshimiwa anacheza kidogo.) Leteni maiki. Mlezi Mwandamizi wa Ngazi ya Saba, waambie watu unavyojisikia.

(Celestine, akishika maiki kwa mikono miwili: Asante, Mheshimiwa. Mimi si mtu wa kuhutubu. Nilikuja kwa Dani nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mshahara niliopatana na Mheshimiwa Zadock siku ile ndio ninaopata hadi leo. Kila mwaka nilimuuliza, na kila mwaka aliniambia kuna mpango mkubwa unakuja, nisiuharibu kwa haraka. Sasa nimeuona. Nimefurahi. Nilikuwa nauliza tu, ngazi ya saba inaanza kulipwa mwezi huu ama mwezi ujao?)

(Kelele hemani. Mlezi mmoja mwanamume: Hilo ndilo swali. Mwingine: Jibu, Mheshimiwa.)

Utulivu, jamani. Ni kweli kwamba mimi ndiye mwajiri wa Celestine, jambo ambalo sikuliweka mwanzoni kwa sababu ya upungufu wa muda, na ni kweli pia kwamba katika ngazi ya familia bajeti yetu imekuwa ikifanyiwa mapitio, ila niseme kwamba kuna malipo yasiyo ya fedha, kama vile kuaminiwa, kuzoeana na samaki wa Jumapili.

(Mama Phelesia: Samaki ni yeye huninunulia.)

Mama. (Kicheko kisichokoma. Padre mmoja anajipangusa macho.)

Naona Celestine bado ana maiki. Sema, mwanangu, ila kwa ufupi, chakula kinapoa.

(Celestine: Mheshimiwa, nilitaka kukuambia nyumbani lakini hukuja Jumamosi, wala Jumamosi ile nyingine. Kuna kituo cha wazee ambacho akina mama wa kanisa wamefungua Migori, karibu na kwetu. Waliniita kwa mahojiano. Waliniuliza mtu mwenye kiharusi unamgeuza baada ya saa ngapi, na vidonda vya mgongo unavizuiaje, na mzee akikataa kula unafanya nini. Nikawaambia yale ninayofanya kila siku. Wamenipa barua. Ninaanza Jumatatu, nikiwa msimamizi wa walezi wanne. Watanisomesha cheti, na baada ya mwaka wanaangalia mshahara upya. Imeandikwa hivyo kwenye barua.)

(Walezi wanaanza kupiga makofi, wote, na hawaachi.)

Asanteni. Asanteni. Jamani, asanteni. Kama nilivyokuwa nikisema, huu ndio ushahidi kwamba mpango wetu unafanya kazi, kwa maana mfano wetu wa kwanza amepanda hadi ametokea juu kabisa, jambo ambalo hata sisi wabunifu hatukulitegemea, na ninampongeza Celestine, ninampongeza kwa moyo wangu wote, ninachouliza tu, na ninauliza kama mratibu wala si kama mtu binafsi, ni kwamba leo ni Ijumaa, Jumatatu ni siku tatu tu, na Mama ataamka, na uji wake nani...

(Mama Phelesia: Mimi nimeshafunga sanduku.)

Mama, sanduku la nini?

(Mama Phelesia: La Migori. Wako na vitanda kumi na viwili. Nimeomba kile cha karibu na mlango. Celestine hawezi kwenda kulea wamama wengine na mimi nimebaki hapa na mbuzi.)

Mama, kituo kama hicho kinalipiwa. Kina ada.

(Mama Phelesia: Najua. Nimetia kidole kwenye fomu. Pale wameandika mtoto wa kulipa, nikawaambia waandike Zadock. Wakauliza anafanya kazi gani, nikawaambia ni mkubwa sana, anapandisha watu ngazi. Wakafurahi.)

(Hema zima linaangua kicheko. Mwenyekiti wa akina mama wa omena amelala begani mwa naibu chifu. Mwakilishi wa Mheshimiwa anarekodi kwa simu.)

Hebu nihesabu. Kwa hiyo ada nitakayolipa mimi ndiyo watakayomlipa Celestine. (Mama Phelesia: Eee.) Na ni zaidi ya niliyokuwa nikimlipa. (Celestine, bila maiki: Mara mbili na nusu, Mheshimiwa.) Mara mbili na nusu. Ndugu zangu, basi ni rasmi, mshahara wa mlezi wa wazee umeongezwa hapa Rusinga leo kwa asilimia mia moja na hamsini, na aliyeuongeza ni mimi. (Makofi, miluzi, vigelegele. Mama Phelesia anazungushwa na kiti chake.)

Nafasi hii ya furaha isipite kabla ya kaulimbiu zetu. Nikisema Mlezi, mseme Juu. Mlezi. (Watu: Juu.) Mlezi. (Watu: Juu.) Mshahara. (Watu: Lini?) Hapana, hapo pia ni Juu. Mshahara. (Watu, kwa furaha kubwa: Lini?) Sawa.

Sasa nitoe shukrani kabla mvua haijatufika. Ninawashukuru wafadhili wa mpango huu, ambao bado hatujafahamiana. Ninaishukuru bodi yake, ambayo kikao chake cha kwanza kitafanyika itakapoundwa. Ninamshukuru Chrispine kwa hema na viti vya harusi yake, na tafadhali viti vihesabiwe, harusi ni kesho. Ninawashukuru vijana wa bango. Ninamshukuru kinyozi wangu pale Mbita, kwa kuwa ni kwake, nikisubiri zamu jana jioni, ndipo nilipoziandika hizi ngazi tisa, na zingekuwa kumi na mbili kama aliyekuwa mbele yangu hangekuwa na kipara. (Kicheko.) Mwakilishi akirudi kwa Mheshimiwa na kuulizwa ofisi ya mpango iko wapi, aseme hajaiona. Atakuwa hajadanganya. Hakuna ofisi, hakuna karani, hakuna jedwali, na mtu asije akapeleka vyeti vyake mahali kwa sababu yangu. Nilidhani mtakuja wachache, mtakula, na mtaenda nyumbani mkijisikia vizuri.

Mungu awabariki. Naomba mkae kidogo. Si la kwenye ratiba hili. Jumapili nitampeleka Mama Migori kwa gari langu, mimi mwenyewe, na Celestine atakuwa ametangulia. Mguu wa kushoto wa Mama hauna nguvu tangu kiharusi. Sasa mtu kama huyo akiingia kwenye gari anashikwa wapi, na akichoka njiani anageuzwa vipi? Kuna anayejua?

(Walezi wote wananyosha mikono.)

Mmoja mmoja, jamani. Ngojeni nigeuze hii karatasi, niandike nyuma.