Mafuta ya Ndege kwa Sherehe ya Benitha

Jumatatu, 6 Oktoba
Dada Agnetha amenipigia simu kutoka Rugu. Jumamosi wanamuaga binti yake, Benitha. Wakwe wanatoka Muleba, watu wa kuvaa suti mpaka shambani. Dada anataka kumwita Deodatus, jirani yangu wa duka hapa Kayanga, apige video kwa droni. Deodatus! Nikamwambia afute wazo hilo. Mjomba mtu nipo. Nitarusha ndege yangu ya rimoti, ndogo lakini ya injini, ikivuta utepe wenye jina la bibi harusi. Akakubali, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tatizo dogo. Mhandisi wa barabara aliyeniachia ndege aliniachia na kopo la mafuta yake. Limekauka.

Jumanne, 7 Oktoba
Injini hii haili petroli. Nimethibitisha. Nimezungusha pangaboi mpaka likanikata kidole. Kimya.

Mhandisi alisema ni methanoli, mafuta ya nyonyo, na nitromethani kidogo ya kuongeza nguvu. Nyonyo ipo. Saluni ya mke wangu, Xaveria, imejaa, ile yenye harufu ya waridi. Nitromethani nimeamua si lazima. Methanoli ni aina ya pombe, na pombe Karagwe haijawahi kuadimika.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda Nyabiyonza kwa Mackrine, anayepika gongo ya ndizi. Nikaomba ile kali kuliko zote. Nikasema ni ya injini. Akasema amesikia visingizio vingi, lakini hicho ni kipya.

Nikachanganya na nyonyo, nyingi, ili injini isikauke. Plagi yake ni kiwaya tu. Unakipasha moto kwa betri, injini ikiwaka unaitoa betri, mafuta yenyewe yanaendelea kukipasha kiwaya. Ikawaka. Nikatoa betri. Ikazima. Nikarudisha. Ikawaka. Nikatoa. Ikazima.

Deodatus alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai. Akasema gongo si methanoli, niagize mafuta yenyewe Mwanza. Nikamjibu sihitaji ushauri wa mtu anayechaji ndege kama simu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepata dawa. Betri haitoki. Nimeifunga kwa selotepu tumboni mwa ndege. Xaveria anasema inafanana na kuku aliyekwamwa na yai. Hajui urubani.

Jumapili, 12 Oktoba
Iliruka. Hilo naliandika kwanza. Iliruka.

Ikapita juu ya migomba ya shemeji, utepe nyuma, wakwe wakasimama, mtu akapiga kigelegele. Kisha nyonyo isiyoungua ikaanza kurukia kila kitu. Kwanza turubai. Kisha suti za Muleba. Kisha shela ya Benitha. Eneo zima likanuka waridi na gongo. Waya wa betri ukachomoka, injini ikazima, ndege ikaangukia meza kuu, katikati ya keki.

Benitha hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alijifuta uso, akageuka, akamwomba Deodatus azime droni yake. Ndiyo, Deodatus alikuwepo! Dada alimwita kimyakimya tangu Jumatatu ileile.

Agnetha alinivuta nyuma ya jiko. Hakupandisha sauti. Akasema, "Jovitus, wakwe wananiuliza kama hii ndiyo mila yetu. Niwajibu nini?"

Nikaokota mabawa nikaondoka bila kula. Hakuna aliyenizuia.

Jumatano, 15 Oktoba
Asubuhi Deodatus kaweka kopo mezani kwangu. Mafuta halisi, kutoka Mwanza. Aliyaagiza wiki iliyopita ili niyatumie kwenye sherehe, basi likachelewa kuyaleta. Hakudai shukrani, akarudi dukani kwake.

Ndivyo watu wanavyokudharau siku hizi, kwa wema.

Nimelifungua, nikanusa. Mepesi mno. Hao wa viwandani hawajui injini yangu. Nimemimina yote kwenye dumu, nikaongeza gongo iliyobaki, na spiriti ya vidonda, na nyonyo mpya. Safari hii isiyo na waridi.

Dada hapokei simu zangu. Atapokea Benitha akipata mtoto wa kubatiza. Mpaka hapo mchanganyiko utakuwa umekolea.