Malalamiko ya Tabibu Aliyechoka Kumwinua Mumewe

Kibokoni, Mombasa
14 Machi 1995

Kwa Ndugu Samuel, Msimamizi wa Mchezo,

Baada ya kukujulia hali wewe na mkeo Joy, mnaotukaribisha barazani kwenu Kizingo kila Jumamosi, nakuandikia kwa heshima na uchungu. Wewe ndiwe mwenye kitabu cha kanuni, wewe ndiwe utuambiaye zimwi limesimama wapi, na dadu zikishatupwa wewe ndiwe kadhi. Basi niamulie. Katika mchezo huu wa kusimuliana vita mezani, kila mtu na nafsi yake ya kubuni, mimi ni Tabibu. Mzamil, mume wangu wa nikahi, ni Shujaa. Nalalamika hivi:

1. Uganga wangu una haraka isiyo adabu. Mtu amepasuliwa tumbo na zimwi. Namgusa bega, nanuiza maneno mawili, naye yu wima, upanga mkononi, hata ahsante hana. Hapa mjini mtu akishonwa kidole hulala wiki nzima akiletewa uji.

2. Kwa kanuni zako, aliyebakiwa na pumzi moja hupigana sawasawa na mzima. Kwa hiyo mmegundua kuwa kumtibu mtu kabla hajaanguka ni kupoteza dawa, kwani nguvu nimpazo, zimwi huzimaliza kwa pigo moja. Afadhali aanguke kwanza! Mzamil amelipokea somo hili kwa moyo mkunjufu. Sasa hurukia kundi zima la mazimwi peke yake akipiga kelele, "Mke wangu yupo!" kisha huanguka kama nazi.

3. Nikimwinua, zamu yangu imekwisha. Rungu langu, tangu nilipopewa, halijagusa hata panya. Nimekuwa kuli wa majeruhi.

4. Jumamosi iliyopita, kule pangoni, alianguka, nikamwinua. Akalirudia zimwi lile lile, akaanguka tena, nikamwinua. Alipolala mara ya tatu nikasema, "Zamu hii napiga zimwi." Nyote mkanigeukia kana kwamba nimetukana watu harusini. Mzamil akaniambia polepole, "Mwanaesha, mimi nakufa."

Nikamjibu, "Sikio la kufa halisikii dawa," nikatupa dadu. Zimwi likafa. Shujaa naye akafa. Mzamil akaikunja karatasi yake yenye sifa za Shujaa, akaitia mfukoni, tukarudi nyumbani.

Sijuti. Nataka kanuni mpya. Aangukaye kwa ujuba alale papo hapo hadi vita viishe, atafakari. Akirudia, aombe tiba kwa maandishi, na wazee wawili wamdhamini. Waume wa matabibu wasitibiwe kabisa, maana wao ndio maradhi yenyewe. Na aliyekufa abaki amekufa. Hapo silegezi.

Nisalimie Joy, watoto, na yule jirani yenu achunguliaye dirishani akidhani tunapunga mashetani.

Ni mimi mwenye haki yangu,
Mwanaesha

Baada ya sahihi: Leo asubuhi Mzamil amekunywa chai, akashukuru, akatoka, bila kunisimulia hata zimwi moja. Sikujua nyumba hii ni kubwa hivi. Nimeambiwa kitabu chako kina uganga wa kufufua wafu, na kwamba tabibu akiutumia hupotewa na nguvu zake za mwaka mzima. Zichukue zote. Jumamosi tuanze naye. Na akishafufuka, akitaka kuyarukia tena mazimwi yake, tafadhali usimzuie. Nitakuwa nyuma yake.