Cheche na Diski Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya studio imegoma kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inadai haioni mafaili. Haioni! Picha zote za harusi ya shemeji, mdogo wa mke wangu, zimo humo na hazipo kwingine. Anazifuata Ijumaa. Mke wangu ndiye aliyenipigia debe nipewe kazi hiyo. Adui namjua: jirani yangu mchomelea vyuma, tunayemwita Cheche. Akichomelea geti tu, taa zangu zinakonyeza. Tangu atundike kibao kikubwa kuliko changu nilijua ana jambo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemshtaki kwa mwenye nyumba, ahamishwe. Mzee akataka ushahidi. Nikambebea kompyuta nzima begani. Akaigeuzageuza, akauliza kama naiuza. Na Cheche alikuwepo, anamfungia dirisha jipya la chuma! Alicheka mpaka akavua miwani. Nimerudi nayo begani kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi
Kaja binamu yangu, fundi wa kompyuta. Kapima diski, kasema ni nzima. Kilichovurugika ni mpangilio wa mafaili, yaani ile orodha inayoiambia kompyuta kila picha iko wapi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Cheche. Akauliza mimi huwa naizimaje. Nikamwonyesha kwa maringo: jioni napiga swichi ya ukutani, na taa, feni, kompyuta, vyote chali kwa mkono mmoja.

"Kaka, Cheche hana kosa," akasema. "Wewe unaikata pumzi wakati bado inaandika."

Mtoto wa shangazi yangu kabisa! Ameanza kukarabati, kanikataza kuigusa hadi imalize. Nimekaa naikodolea macho kwa chuki.

Alhamisi, 7 Machi
Picha zimerudi zote. Nililia kidogo, lakini kwa hasira. Binamu ameniazima diski ya nje na kunipa masharti: kompyuta izimwe kwa utaratibu, picha zikae sehemu mbili, diski isichomolewe kabla haijamaliza kuandika. Nikamuuliza Cheche yeye kapewa masharti gani. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempiga Cheche chenga! Picha sehemu mbili za nini, aharibu kote kuwili? Nimezihamishia zote kwenye diski ya binamu, kwenye kompyuta haijabaki hata moja. Ya mwisho ilipohama tu nikasikia mashine ya Cheche inanguruma. Kompyuta ikasema bado inaandika, nisichomoe. Siamrishwi na bati mimi! Nikachomoa kwa nguvu, nikaziokoa.

Shemeji amekuja na kompyuta yake, akachomeka diski. Haifunguki. Kajaribu tena na tena, kisha akakaa chini na kulia. Nimemweleza kwa upole kwamba huyo ni Cheche. Mke wangu, aliyekuja naye, kaenda nyumbani moja kwa moja. Nimemfuata, nimemkuta anafunga mizigo. Yangu.

Yaani Cheche keshamjaza maneno hata mke wangu!